Sare ya kompyuta haikumwokoa Nepomniachtchi

Waguse mashabiki wa chess kuhusu gemu ya sita ya pambano la ubingwa wa dunia mwaka 2021, ubishi unaanza hapohapo. Desemba 3 pale Dubai, Magnus Carlsen wa Norway alimfunga Mrusi Ian Nepomniachtchi. Hadi leo wapo wanaosema ile ilikuwa sare, Carlsen kabebwa tu na kosa la mwenzake.

Hoja yao ina uzito. Mwishoni Carlsen alibaki na ngome, farasi na askari wawili. Nepomniachtchi alikuwa na malkia peke yake. Ukiongeza wafalme wawili, ubaoni zilibaki kete saba. Zikifika saba, kompyuta haikisii tena: kila mkao umeshapigiwa hesabu mpaka mwisho na jibu limehifadhiwa. Jibu la mkao ule lilikuwa sare.

Sawa, ila sare hiyo ilikuwa na sharti: malkia asikosee hata hatua moja. Na wa kutimiza sharti hilo alikuwa binadamu aliyekaa kitini zaidi ya saa saba, muda umembana, anapumulia sekunde 30 za nyongeza kila anapocheza. Hatua ya 130 akampeleka malkia pasipofaa. Palepale jibu la kompyuta likageuka, kete nyeupe zinashinda. Hatua ya 136 akasalimu amri. Hakuna gemu ya kuwania ubingwa wa dunia iliyowahi kwenda mbali hivyo. Ya Korchnoi na Karpov mwaka 1978 iliishia hatua 124.

Mtu wa mpira hahitaji kufundishwa hili. Timu imepaki basi, dakika ya 88, matokeo 0-0. Pointi moja inaiona, lakini bado haijaipata. Beki mmoja akichelewa kupanda, straika yuko peke yake na kipa, na kilio kinaanza: "Ile ilikuwa sare!" Ilikuwa sare mpaka walipoacha kukaba.

Ndiyo maana kumwita Carlsen mwenye bahati ni kumdhulumu. Gemu tano za kwanza zilikuwa sare. Ukihesabu kuanzia mwishoni mwa pambano la 2016, gemu za muda mrefu za kuwania ubingwa zilikuwa zimetoka sare 19 mfululizo. Angeweza kukubali nusu pointi akaenda kulala. Akaona mwenzake ndiye mwenye kazi ngumu, yeye hatari yake ni ndogo, akaendelea kumsukuma hadi miguu ikamwisha.

Kilichofuata kinaonyesha nani alisoma mchezo vizuri. Nepomniachtchi alifungwa gemu tatu zaidi, pambano likaisha 7.5-3.5 hata gemu zote hazijachezwa.

Basi kompyuta iachiwe mkao wake, ilikuwa sahihi. Lakini nusu pointi anapewa aliyeilinda hadi mwisho, na usiku ule Dubai hakuna aliyeilinda.