Kibodi Isihukumiwe Bila Kupimwa

Vijana wa Mbeya na Iringa wachezao michezo ya kompyuta hulalamika kwamba wakibonyeza kitufe, kioo huchelewa kuitika. Wengi huilaumu kibodi, na mzazi huombwa fedha za kununua nyingine. Hiyo ni hukumu bila ushahidi.

Kibodi ya kawaida husomwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Muda huo ni mdogo mno kulaumiwa. Yafaa kwanza yaandikwe maneno katika programu ya kuandikia. Herufi zikichelewa, ila yaweza kuwa ndani ya kompyuta au katika kibodi yenyewe. Katika Windows, mathalani, kitufe cha Shift cha kulia kikishikiliwa sekunde 8 (jambo rahisi kwa mchezaji aliyezama mchezoni!) huweza kuwasha kichujio kinachopuuza mibonyezo ya haraka.

Herufi zisipochelewa, kibodi haina hatia. Uchunguzwe mchezo wenyewe, au mtandao. Nuru katika mkongo husafiri takriban kilometa 200 kwa milisekunde. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800, kwenda na kurudi ni milisekunde 8 hivi. Seva ikiwa Ulaya, kilometa 10,000 kwa mkongo wa baharini, ni 100. Mwalimu wa fizikia aukaripiaye mchezo huo angepata humo somo zima la mwendokasi, tena lenye wanafunzi wasiosinzia.