Tutengeneze Mshale wa Mafuta

Ndugu zangu wenye magari, gari liliwahi kunizimikia katikati ya mlima wa Kitonga, saa mbili usiku, mshale wa mafuta ukiwa umetulia kwenye nusu. Anayeijua Kitonga anaelewa: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na nyuma yako malori yanapanda kwa gia nzito. Mke wangu alitafuta mawe ya kukingia magurudumu, mimi nikakimbia na matawi kwenda kuyatandaza barabarani. Watoto wetu wawili walikaa kando ya mwamba wameshikana mikono. Lori la tatu lilitupita karibu mno, mpaka leo nikilikumbuka mwili unasisimka.

Kosa lilikuwa langu. Mshale ule ulikuwa mbovu kwa miezi minne, nami nikawa naendesha kwa hesabu za kichwani. Hesabu hizo hazikujua mzigo wala mlima.

Kesho yake fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha tenki, akatoa kifaa chenye boya kwenye ncha ya mkono wa waya. Alifunika kwanza mdomo wa tenki, akakisogeza kifaa mbali, kisha akaniambia niwashe swichi nitazame dashibodi. Akapandisha boya kwa kidole, mshale ukapanda. Akalishusha, ukashuka. Basi dashibodi nzima, nyaya nzima. Mkono wa boya ulikuwa umepinda na kukwama kwenye ukuta wa tenki. Kuunyoosha hakukufika hata nusu saa.

Mara nyingi ugonjwa huwa mdogo hivyo. Boya likipasuka huingiza mafuta na kuzama, mshale ukalala kwenye E hata tenki likijaa. Ukiona mshale wa joto la injini nao umekufa, anza na fyuzi. Pengine ni kutu tu kwenye waya unaoshikizwa kwenye bodi. Wapo mafundi wanaochomoa waya wa tenki na kuugusisha kwenye bodi ili kuona kama mshale utacheza. Kwa magari mengi ya zamani kipimo hicho kinafaa, lakini kwa haya ambayo geji inapitia kompyuta, mwambie fundi aache, atumie mashine ya kupimia. Na tafadhali, usifungue tenki mwenyewe ndani ya banda lililofungwa. Mvuke wa petroli hauonekani, na cheche moja inatosha.

Nawaomba hasa wamiliki wa daladala na hais za mikoani: msimwachie dereva akisie mafuta huku amebeba roho za watu. Mnaonunua magari ya mkononi, ulizeni habari ya geji kabla ya kutoa fedha. Na ninyi mafundi wetu, acheni kutuambia kwamba magari haya ndivyo yalivyo. Hayakutoka kiwandani hivyo.

Kesho ukiingia sheli, kabla ya kutaja kiasi, angalia mshale umesimama wapi. Zima injini, weka lita kumi, washa, subiri kidogo, angalia tena. Usiposogea, ukitoka hapo nyoosha gereji, safari itangoja.