Mwishoni Wanamchoma Nyanya

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu alinitumia skripti. Anataka tupige muvi ya vampaya huku Kisii: simu mbili, taa za kuazima, rangi ya chakula iwe damu, na majirani waigize bila malipo. Vampaya wanaijaa dunia nzima, na balaa lenyewe linaanzia kwenye migomba karibu na Keroka. Nilicheka hadi ukurasa wa tatu. Hapo ndipo anatokea vampaya wa kwanza: mama mzee, mjane, macho mekundu, anatembea usiku peke yake. Ukurasa wa mwisho, vijana wanamfungia ndani ya nyumba na kuiwasha moto. Jua linachomoza, watu wanashangilia.

Nikamwambia hiyo siandiki. Akaniuliza, "Kwani umeokoka?"

Sijaokoka. Muvi za kutisha nazipenda sana. Nimekulia kwenye kibanda cha video, DJ akitafsiri juu kwa juu, halafu narudi nyumbani mbio nikiogopa kila kichaka. Sina shida na vampaya. Shida ni kwamba huo mwisho tumeshauona, na haikuwa muvi.

Mei 2008, huku Kisii na Nyamira, umati ulichoma watu 11 hadi wakafa ukidai ni wachawi: wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao wazee. Oktoba 2021, Marani, wanawake wanne wazee wakauawa na kuchomwa kwa tuhuma ile ile. Miaka 13 imepita katikati na skripti haijabadilika hata mstari.

Hebu tuzikague hizo dalili. Macho mekundu? Mtu aliyepika kwa kuni miaka 60, moshi ukimpiga usoni asubuhi na jioni, unataka awe na macho ya rangi gani? Kutembea usiku? Kuna ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Unamwamsha mtu saa nane za usiku akatafute nyumba iliyobomolewa zamani. Kuongea peke yake? Mjane ambaye watoto wote wako Nairobi, aongee na nani?

Halafu kuna kitu ambacho kwenye skripti hakimo kabisa: shamba. Huku kwetu watu ni wengi na ardhi imegawanywa hadi haigawanyiki tena. Mjane aliyekalia kipande chake kuna mtu anamchelewesha. Mwite omorogi leo, kesho mpaka umesogea.

"Ni muvi tu, buda." Sawa, muvi haishiki kiberiti. Lakini umati haukurupuki hivi hivi. Lazima watu wawe wameshakubaliana adui anafanana na nani, kabla ya huo usiku kufika. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulienea, vijana wakaweka vizuizi barabarani, watu wakauawa. Umoja wa Mataifa ukalazimika kuhamisha wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe. Vampaya hakupatikana hata mmoja.

Na usiniambie ni bajeti ndiyo inakulazimisha utumie mchawi wa kawaida. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa isiyofika dola 200, na dunia ikaitazama. George Romero naye alitengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968 kwa pesa ambayo Hollywood ingeona ni ya chai. Wazo alilichota kwenye I Am Legend, riwaya ya Richard Matheson ya 1954, ambamo vampaya wameijaa dunia, kama tu kwenye skripti yako. Lakini angalia alivyomaliza. Ben, mtu mweusi, anaponea usiku mzima wa mazimwi. Asubuhi kundi la msako linafika, linamdhani zimwi, linampiga risasi na kumtupa motoni pamoja na maiti nyingine. Hakuna anayeshangilia. Unatoka hapo ukiwaogopa wale wenye bunduki.

Hiyo ndiyo muvi ya kutisha ya Kisii. Vampaya wabaki, sijakataa. Lakini kamera itoke kwa wale vijana, iingie ndani kwa nyanya. Tukae naye gizani tukisikia miguu uani. Anawatambua kwa sauti. Anawaita mmoja mmoja kwa majina, kwa sababu amewaona wakizaliwa. Hakuna anayemjibu.

Rafiki yangu akikubali, nitaiandika bure. Akikataa, atafute mwandishi mwingine. Na kwa vile anasema majirani ndio wataigiza, basi aende Marani, abishe hodi kwa nyanya yeyote, amwombe aigize huyo wa kuchomwa. Amweleze yeye mwenyewe, kwa heshima zote, kwamba ni muvi tu.