Kanuni Mpya, Wakaguzi Wale Wale?

Tangu tarehe 1 Machi 2025, Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zimeshika mahali pa zile za 1968, zilizoandikiwa mabaraza ya miji ambayo hayapo tena. Tunazipokea, lakini hatupigi vigelegele.

Jengo la ghorofa sita lililoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, likaua watu wapatao 50, halikuanguka kwa sababu ya ukongwe wa sheria. Lilisimama kando ya mto, nalo lilikuwa limekwisha kuorodheshwa libomolewe. Wapangaji waliendelea kulipa kodi. Amri ilikuwepo, mtekelezaji ndiye hakuonekana.

Basi, ndugu wasomaji, swali si nondo na saruji zilizomo kitabuni. Ni nani atakayekagua, na nani atakayeshtakiwa asipokagua? Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila parokia iiandikie kaunti, ikidai kuoneshwa kibali cha kila ghorofa inayoinuka jirani yake. Sheria ya 2016 yampa afisa siku 21 za kujibu.