Kiwanja Kitupu? Nani Kasema!

Haya wapenzi wasomaji, wiki hii tuyaache kidogo mapenzi na mitindo ya mabaibui, tuzungumze viwanja. Usifungue ukurasa wa pili, yakhe, subiri.

Mtoto wa Dar ukimtajia sanaa ya hadharani atakuonyesha Sanamu la Askari pale Posta, limesimama na bunduki yake tangu 1927. Sisi Pemba letu halisimami. Lina pembe mbili na nundu, na likikuchoka linakukimbiza. Nasema mchezo wa ng'ombe.

Kwa wasioujua: husemwa tuliachiwa na Wareno, wale waliotawala pwani hii mpaka walipong'olewa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Lakini ng'ombe wa Kipemba hauawi. Anafungwa kamba, anachokozwa kwa nguo, zumari linalia, ngoma inapigwa, kinamama wanaimba, na vijana wanaojidai wanaingia kumkabili. Mchezo ukisha, ng'ombe anarudi kwao kula majani na aliyepigwa pembe anarudi kwao kukandwa. Msimu ni kaskazi, Disemba mpaka Februari, kabla ya masika. Nenda Wingwi au Chwale ujionee.

Sasa siku ukienda, usimtazame ng'ombe. Kitazame kiwanja.

Utakuta udongo, si saruji, maana mtu akiangushwa kwenye saruji hapo mchezo umekwisha, imebaki hospitali. Pembeni pana miembe. Utasema kivuli, na kweli kivuli, lakini kamba ikikatika ule muembe ni ngazi, ni jukwaa na ni bima ya maisha. Nimewaona watu wazima na kanzu zao wakiupanda kama kima! Kinamama wana upande wao karibu na zumari, kwa sababu anayeimba lazima amsikie anayepuliza. Nyuma pana njia pana ya kutokea, na hapo hasimami mtu wala haegeshwi baiskeli. Muuza mihogo ya kuchoma anakaa pale ambapo moshi hauwafuati watu. Hakuna msanifu aliyeyachora hayo. Yamepangwa na pembe za ng'ombe, miaka nenda miaka rudi.

Na kila mchezo una ardhi yake. Msewe, ngoma yetu ile ya kufunga njuga za majani miguuni, unataka ardhi ngumu. Jaribu kuucheza mchangani uone mlio unavyomezwa. Kirumbizi nacho, watu wanapigana fimbo kwa mdundo, kinataka duara ambalo mtazamaji wa mbele hapasuliwi kichwa bila kosa.

Halafu anakuja mpimaji na kamba yake.

Miezi michache nyuma nilipita kwenye kiwanja cha kijiji kimoja, jina nalificha, nikakuta mawe ya mipaka yamesimikwa mpaka chini ya muembe. Kibarazani palikuwa na mzee anasokota kamba.

"Shikamoo mzee. Hapa panajengwa nini?"

"Marahaba mwanangu. Wanasema kwenye karatasi yao hapa hapana kitu."

Mzee yule kamchezea ng'ombe palepale ujana wake, kovu analo pajani. Hapana kitu!

Simbebeshi mpimaji lawama zote. Sensa ya 2012 ilitukuta Pemba laki nne na kidogo. Ya 2022 ikatukuta zaidi ya laki tano na arobaini elfu, na kisiwa hakikuongezwa hata hatua moja. Nyumba zinatakiwa. Mie mwenyewe natafuta chumba Chake, naijua joto yake. Lakini mpimaji ataonaje kitu ambacho hakuna aliyekiandika? Yeye anasoma karatasi, hasomi zumari.

Wenzetu wa Unguja wameshalishtukia hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani Mashariki waliichora Ng'ambo upya, mitaa ikavunjwa, yakapanda yale majumba marefu ya Michenzani. Miaka mingi baadaye Idara ya Mipango Miji na Vijiji pamoja na wenzao kutoka Uholanzi wakaingia Ng'ambo kwa miguu, wakaandika na kuchora: baraza ziko wapi, maskani zipi, watu walikuwa wakienda sinema wapi na taarabu wapi. Shughuli wakaiita Ng'ambo Tuitakayo, na mwaka 2019 kikatoka kitabu kizima cha ramani, Ng'ambo Atlas. Anayetaka kupanga mji pale ana pa kuanzia.

Majumba ya namna hiyo nasi tunayo, Chake, Wete na Mkoani. Pita jioni uone: watu wameteremka na viti vyao, bao liko chini. Ghorofa ya tatu huwezi kumzomea mpita njia ukamjua jina.

Basi nimenunua daftari. Siku ya pili ya Idd el Fitri nilikaa kwenye kiwanja kimoja cha sikukuu, tangu alasiri. Saa kumi na nusu watoto wamebanana kwenye kivuli cha ukuta, upana wa hatua nne, katikati jua limekaa peke yake. Saa kumi na mbili kasoro foleni ya mabembea imekatiza njia ya magari, na hakuna anayejali. Saa moja na nusu, kinadada nusu yao wameshaondoka. Nikamwuliza mmoja aliyekuwa anamvuta mdogo wake, mbona mapema? Akanyoosha kidole upande wa pili wa uwanja. "Kaka, kule huoni kulivyo?" Taa zote ziko upande mmoja. Kule giza, na wahuni wenye maneno yao.

Miti minne na taa mbili. Mfadhili wa kutoka nje hahitajiki hapo, anahitajika mtu aliyekaa mpaka saa moja na nusu.

Nawajua watakaosema ngoma na ng'ombe ni mambo ya kale, vijana wana simu. Sawa, na hizo simu ndizo nazozitaka! Kila mchezo tunampiga picha ng'ombe, video mia, ng'ombe mmoja. Hebu igeuze simu, wapige waliosimama. Andika tarehe, saa, kivuli kiko wapi, watu wameingilia wapi, na nani hakuja. Huyo asiyekuja ndiye ninayemtafuta zaidi, kwa sababu kiwanja kipya kikijengwa bila kumuuliza, hatokuja vilevile.

Daftari limebakiwa na kurasa kumi na moja. Kaskazi ikivuma nitakuwa Chwale, na muembe wangu nitauchagua mapema.