Oveni Iliyokuwa Ikiuma Mkono



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twaomba radhi kuyaacha kidogo masuala ya mirathi, tuingie jikoni. Kina mama watatu wametuuliza jambo moja, kila mmoja kwa wakati wake: oveni ya umeme imekataa kushika moto, mume yuko safarini au kazini, na hawapendi kumwingiza ndani fundi wasiyemjua. Je, mtu aweza kuitengeneza mwenyewe? Mmoja wao ana oda ya biskuti za harusi, na siku zinakwenda. Jawabu letu ni kwamba aweza, mara nyingi. Lakini ndani ya chombo kile mna waya mmoja ulio muhimu kuliko moto wenyewe, nasi tuliujua baada ya kuchelewa.

Oveni ya nyumbani kwetu ni ya kuwekwa mezani, yenye plagi ya kawaida. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa kukata umeme. Ikikaa majuma kadhaa bila kutumiwa, hasa wakati wa mvua za masika, siku ya kuwashwa nyumba nzima huingia giza. Tulimwita fundi, akakaa nayo kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, akasema imepona. Kweli, haikukata umeme tena. Ila baada ya hapo mama wa watoto wetu akawa anasema kwamba akiishika mlango huku miguu i chini kwenye sakafu, mkono humuuma kama unaotoka ganzi. Sisi tulimwambia avae ndara. Alivaa ndara karibu mwaka mzima, na watoto wakafundishwa hivyo hivyo, ikawa ada ya jikoni petu.

Kisha siku moja mkate wa sinia ukatoka umeungua juu, na chini ni uji. Bibi zetu waliupika mkate ule kwa makaa chini na makaa mengine yaliyopaliwa juu ya kifuniko, na oveni haifanyi zaidi ya hayo: ina bomba la chuma la joto juu na jingine chini, nalo huitwa elementi. Mkate ukiiva upande mmoja tu, elementi ya upande wa pili imekufa. Ikiwa pande zote mbili ni baridi, usikimbilie elementi. Ijaribu kwanza soketi kwa taa au pasi, kisha itazame fyuzi iliyo ndani ya plagi, kisha waya wa plagi pale unapoingia mwilini mwa oveni, maana hapo ndipo hukunjwa kila siku.

Kabla ya bisibisi kugusa skurubu yoyote, plagi na itolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Swichi yaweza kuwa imefungwa kinyume, au mtoto akaja akaibonyeza. Itoe plagi, iweke mahali unapoiona kwa macho yako, na oveni iachwe ipoe kabisa.

Tulipofungua bamba la nyuma, tulipiga picha ya nyaya kwa simu, ili tujue kila mmoja ulikotoka. Katika picha ile ndipo tulipouona. Nyaya za plagi ni tatu: wa kahawia huleta umeme, wa buluu huurudisha, na ule wa kijani chenye mstari wa manjano hufungwa kwenye mwili wa chuma ili umeme ukivuja uende ardhini, usimwendee mtu. Wetu wa kijani ulikuwa umekatwa, ncha yake ikazungushiwa utepe mweusi, ukakunjwa vizuri pembeni.

Yafaa tueleze maana ya jambo hili, kwani ndilo lililotufanya tuandike. Ndani ya bomba la elementi mna waya mwembamba uliosokotwa kama springi, na umezungukwa na unga mweupe ulioshindiliwa. Unga huo hupitisha joto na kuuzuia umeme, ila hunyonya unyevu. Kwa hewa yetu ya bahari, elementi isiyotumiwa kwa muda, au yenye ufa mdogo, huingia unyevunyevu, na umeme ukaanza kuvuja kidogo kidogo hadi kwenye chuma cha nje. Waya wa kijani ukiwapo, mvujo huo huenda ardhini, na kifaa cha kinga kilicho kwenye boksi la umeme hukata. Giza lile lililotuudhi lilikuwa ni oveni ikituambia kwamba ina dhara. Waya ulipokatwa, mvujo haukwisha. Ulikosa njia, ukabaki katika mwili wa chuma ukingoja mkono wa mtu. Kilichokuwa kati ya watu wetu na mauti ni soli ya mpira ya ndara, katika jiko ambalo sakafu yake hupigwa maji kila jioni.

Wanavyuoni wamepokea kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ilhali juu ni kukavu, naye akalikemea jambo lile kuwa ni udanganyifu. Tumekisomesha kisa hiki miaka mingi, tukidhani ni cha wauza nafaka.

Turudi kwenye kazi. Chomoa waya mmoja kwenye elementi, kisha upime kwa mita ya umeme, ile ndogo inayouzwa katika maduka ya vifaa vya stima. Hesabu ni nyepesi: volti zilizoandikwa kwenye elementi zizidishe kwa zenyewe, kisha ugawanye kwa wati. Yetu imeandikwa volti 240 na wati 800. Mara 240 kwa 240 ni 57,600. Gawanya kwa 800, ni 72. Basi mita ikisoma omu 72 au karibu yake, elementi ni nzima. Yetu haikusoma kitu, maana yake waya wa ndani umekatika. Kisha pima kati ya ncha ya elementi na bomba lake la nje. Hapo pasipatikane njia yoyote. Lakini mita ndogo hutumia nguvu ya betri tu, na mvujo mwingine hauonekani ila kwa umeme kamili au joto likipanda. Kwa hiyo elementi iliyokuwa ikikata umeme usiisafie nia kwa sababu mita imenyamaza. Ikiwa ni unyevu tu, yaweza kutolewa na kukaushwa katika oveni nyingine kwa moto wa wastani, saa moja au mbili. Ikikata tena baada ya hapo, inunuliwe nyingine.

Dukani, nenda na ile mbovu mkononi. Ilinganishe urefu, mkunjo, matundu ya skurubu, volti na wati. Muuzaji akikwambia chukua yenye wati nyingi zaidi upike upesi, mkatalie. Nyaya za ndani zimepimwa kwa mzigo wake. Sisi tulikwenda mikono mitupu, tukarudi na isiyoingia, tukapanda matatu mara mbili. Hata hivyo gharama yote haikukaribia bei ya oveni mpya.

Katika kufunga, kazi kubwa huku pwani ni kutu. Vibanio vya nyaya visuguliwe kwa msasa hadi ving'ae, na vikiwa vimelegea vibadilishwe, kwani kibanio kilicholegea hupata moto na kuunguza waya. Waya wa ndani ukiwa umeungua, usiunganishe na waya wa kawaida wa nyumba. Ganda lake litayeyuka. Ulizia waya unaostahimili joto. Ule wa kijani tuliufunga upya kwenye mwili wa chuma, tukiikwaruza rangi kwanza ili chuma kikutane na chuma. Kisha, plagi ikiwa bado imetolewa, tulipima kutoka kwenye pini yake ndefu hadi kwenye mwili wa oveni. Mita ilisoma karibu na sifuri, na ndivyo itakiwavyo. Siku ya kwanza iwashwe tupu kwa nusu saa, madirisha yawe wazi, maana elementi mpya hutoa moshi na harufu.

Ziko ambazo hatumruhusu msomaji kuzigusa. Oveni ya maikrowevu isifunguliwe kamwe. Ndani yake mna kifaa kinachohifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kutolewa. Jiko kubwa lililofungwa moja kwa moja ukutani bila plagi ni la fundi mwenye leseni ya EPRA. Na nyumba nyingi za zamani mjini hazina njia ya ardhini inayofanya kazi. Huko waya wa kijani wa oveni, hata ukifungwa vizuri, hauna pa kupeleka umeme. Hilo pia ni la fundi mwenye leseni, na mama ana haki ya kumtaka mumewe au kaka yake awepo siku hiyo.

Kwa yule aliyeuliza kama aweza kuiuza oveni yake ilivyo, akanunue nyingine kwa ajili ya harusi: ataja aibu yake kwa mnunuzi, yote, pamoja na kukata umeme na kuuma mkono. Akiificha, si halali yake.

Tulimwendea yule fundi. Hatukwenda kugombana, bali tulitaka ajue, kwani bila shaka zipo jiko nyingine alizozipitia. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sheikh, mliniambia mwataka isikate umeme. Nikafanya isikate." Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu ndivyo tulivyomwambia. Tulikaa naye hadi alasiri tukizihesabu nyumba alizowahi kukata waya ule. Zilifika nne, na siku ya Jumamosi inshallah twazirudia pamoja.

Wabillahi tawfiq.