MAONI YETU: GURUDUMU LILILOKATAA KUZUNGUKA



Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliruka Addis Ababa ikija Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Magazeti yaliandika sana juu ya mtambo uitwao MCAS, ambao ulipata habari za uongo kutoka katika kipimo kibovu ukasukuma pua ya ndege chini. Sisi twataka kusema juu ya jambo ambalo mtu wa Magadi atalifahamu upesi: gurudumu la mkono.

Katika ndege hiyo kila rubani ana gurudumu karibu na goti lake, lenye mpini wa kukunjua. Akilizungusha, kamba za chuma huinua au kushusha bawa la mkia, na ndege husawazika. Ndege ya Lion Air ilipoanguka Indonesia mwezi wa Oktoba 2018, ikaua watu 189, marubani waliagizwa hivi: mtambo ukileta matata, zimeni umeme wa bawa la mkia, kisha tumieni mkono. Marubani wa Addis walizima. Wakashika gurudumu, lisizunguke.

Bawa lilikuwa limekwisha kuinama, marubani wakivuta usukani kinyume chake, na kwa mbio zile upepo ukalikandamiza. Aliyepata kushindana na valvu iliyobanwa na presha anajua.

Wako waliosema kwamba kosa ni la marubani, hawakupunguza injini. Ni kweli injini ziliachwa katika nguvu ya kurukia, na mwendo ndio uliofanya gurudumu kuwa zito. Lakini nani aliwafundisha hilo? Boeing iliwaambia wanunuzi kwamba rubani wa 737 ya zamani hana haja ya kupitia mashine ya mazoezi. Mafunzo ni gharama, bwana. Zoezi la gurudumu lililazimishwa Novemba 2020, serikali ya Marekani iliporuhusu ndege hizo kuruka tena.

Tena wenzetu walikuwa wamepiga kelele mapema. Novemba 2018 chama cha marubani wa American Airlines kiliketi na watu wa Boeing kikadai hatua ya haraka. Ndege ziliendelea kuruka.

Basi karatasi ya kazini ikisema umeme ukikatika fungeni kwa mkono, tuulize: mkono huo ulijaribiwa lini, na presha ilikuwa juu au mashine ilikuwa imelala? Kila mjumbe wa idara aandike magurudumu ya valvu na breki za mkono zilizo mahali pake, na tarehe ya mwisho zilipojaribiwa mbele ya mhandisi. Pasipo tarehe, aandike hapana tarehe. Orodha ziletwe ofisi ya tawi kabla ya mkutano ujao. Mtu yeyote asiende kujaribu peke yake.